Waranti ya Kitumbua

Jumatatu, 8 Septemba 2025

La, sijalipa. Nimesema sijalipa! Na usiniulize tena kabla sijamaliza chai.

Ndivyo nilivyomjibu Hasina asubuhi. Mke wangu huyu akishika swali haliachi. Jana mara tatu, leo hata kiatu sijavaa. "Chirau, ile waranti umelipa au hujalipa?" Akanikazia macho kama askari wa barabarani aliyeona bima imekwisha.

Basi naandika. Mdomo wangu huuza kitu kabla kichwa hakijajua bei. Kalamu angalau huenda polepole — na mimi niliyeishia darasa la sita, huenda polepole zaidi!

Habari yenyewe. Niliuza tuktuk, nikaokoteza hapa na pale, nikanunua gari. Mkono wa pili, jeupe, viti saba. Lilitoka Japani, huko lilikuwa la nani sijui, ila ndani lilinukia sabuni. Nimeliita Kitumbua, maana limefura na asubuhi hugombewa.

Yadi ya Ukunda wamenipa mwezi mmoja, likiharibika watengeneza wao. Mwezi wakwisha Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe ishirini. Kabla ya hapo naweza kununua waranti ya kuongeza, mwaka mzima. Injini ikifa au giaboksi ikifa, kampuni ya Mombasa yalipa. Bei elfu arobaini na nane.

Nilizobakiwa nazo ni elfu hamsini. Na hizo Hasina ameshaziona friza — auze barafu, juisi ya ukwaju, aweke na samaki. Ndiyo maana aniuliza kila saa. Aogopa nitampokonya friza yake.

Waranti au friza. Nitaamua mimi, sitaamuliwa na mtu. Nimeandika kwa wino.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeenda yadi. Swabir, yule muuzaji, alinipokea kama nimetoka Hija.

"Tajiri! Ahlan! Kitumbua yu hali gani?"

"Mzima, yuakusalimia."

Akanikalisha, akaniagizia kahawa. Kisha akaanza. Eti juzi kuna bwana mmoja wa Gazi, gari kama langu, rangi kama langu, giaboksi imekufa katikati ya daraja. Hana waranti. Sasa gari lafugiwa kuku. Kuku, wallahi! Akashusha sauti. "Nisingependa nikuone wewe unaokota mayai kwenye usukani."

Nilicheka, lakini nikachungulia nje kumwona Kitumbua. Halafu nikajishtukia. Kwani si hivyo hivyo mimi nawauzia wageni safari ya Funzi? "Madam, maji yakitoka leo, mpaka wiki ijayo huoni pomboo." Kwanza mtie hofu, kisha mwokoe. Nikajiona nimekaa upande wa pili wa meza. Kiti cha mteja ni kigumu, jamani!

Nikamwambia nipe karatasi nikasome. Akasema, "Karatasi ni ndefu, tajiri, mimi nitakueleza." Nami pia ndivyo niwaambiavyo wageni.

Nimeichukua. Kurasa nane, zote Kizungu, maandishi kama sisimizi. Kabla ya kulipa lazima gari likaguliwe palepale yadi. Miadi ni Jumatatu.

Jumatano, 10 Septemba

Mama kaja kutoka Msambweni kuliona gari. Nilikuwa kinyozini. Kurudi nawakuta yeye na Hasina wamefungua boneti, wameinama kama wanaonja mchuzi.

"Shikamoo, mama. Kuna nini humo?"

"Marahaba, mwanangu. Nimelinywesha."

Kumbe alikuja na chupa ya kombe. Sharifu wa kule alimwandikia aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji na marashi. Kinga ya husuda. Watu wengine hunyunyiza magurudumu, basi. Mama yangu asema kombe halinyunyizwi, kombe hunywewa. Akamuuliza Hasina, "Hili gari hunywa wapi?" Na Hasina, ambaye hajui gari ila mlango wa kuingilia, akamwonyesha kile kichupa cha maji ya rejeta.

Chupa nzima!

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama hakucheka. "Watu wa Ukunda wana macho," akasema. "Wewe mwanangu wajionyesha mno."

Mchana nimepeleka wageni uwanja wa ndege. Kitumbua anatembea kama harusi. Na ikiwa joto, boneti lanukia marashi.

Ijumaa, 12 Septemba

Baada ya swala nimemwita Fauzia, mdogo wake Hasina. Yuko mapokezi kwenye hoteli moja Diani, Kizungu chake hata Wazungu wamwomba arudie polepole. Nikampa kurasa nane na biriani.

Alisoma sahani nzima ikaisha. Kisha akafuta mkono.

"Shemeji, keti."

"Nimeketi."

"Keti vizuri."

Kwanza, gari lisifunguliwe na fundi yeyote ila wa kwao, Mombasa. Likifa Lunga Lunga, nilivute mwenyewe mpaka Likoni, nilivushe feri, ndipo likaseme ugonjwa wake. Pili, lisitiwe maji ila yale ya rangi wanayoyataka wao. (Hasina akakohoa.) Tatu ndiyo yenyewe. Gari ni la familia. Lisibebe abiria wa kulipa, lisikodishwe, lisifanye harusi, lisifanye mgeni, lisifanye lolote.

"Kwa hiyo wataka likae ndani kama mwari?" nikasema.

"Hapa chini kuna kisanduku. Familia au biashara. Biashara hawakupi. Familia watia alama, wasaini kuwa ni kweli."

Nikampigia Swabir palepale. Akacheka. "Tajiri, kila mtu hutia familia. Wewe huna familia?"

Nikakata simu. Fauzia akanitazama tu. Hasina akaanza kukusanya vyombo.

Sitasaini nisichokijua. Natafuta mtu aliyewahi kulipwa na hawa watu, au kunyimwa, nimsikie kwa sikio langu. Niko imara.

Jumapili, 14 Septemba

Nimempata! Tena bila kumtafuta.

Nilileta familia ya Nairobi pale Bodo wapande boti kwenda Funzi. Watoto wanne, wote wametapika, Kitumbua kavumilia. Tulipokuwa tukisubiri, sisi madereva tumekaa kibandani, kaja Mramba. Yeye ni wa Samburu ya Kinango, ana gari la viti saba vilevile, siku hizi huleta wageni mpaka huku. Nikamuuliza, ndugu yangu, wewe una waranti?

"Nilikuwa nayo," akasema, akatema gamba la muwa. "Ilikufa siku moja na injini."

Injini yake ilichemka njia ya Kinango. Akawapigia. Wakaja vizuri, kwa adabu, wakapiga picha, wakamwita bwana. Baada ya siku tano wakamwonyesha simu. Tangazo lake mwenyewe la WhatsApp: yeye, gari, wageni sita, "Twende Baharini Bei Poa". Wakamuuliza, bwana, hii yote ni familia yako? Na wawili ni Wachina!

Tulicheka, naye akacheka, lakini cheko lake lilikuwa fupi.

"Ukawafanya nini?"

"Niwafanye nini? Nilisaini mwenyewe. Miezi minne nimelima bamia."

Kisha akasema jambo jingine, na naliandika lilivyo, maana nilitamani asiseme. Shemeji yake ni mwalimu. Gari lake lenda shuleni, larudi, Jumapili kanisani. Giaboksi ilipokufa wakamwekea nyingine, hakutoa hata ya soda. "Waranti si wizi, Chirau. Yawafaa wasema kweli."

Ningetaka iwe wizi! Ningekwishaamua.

Jioni nikafungua simu kufuta matangazo yangu. Yako arobaini na moja. Mimi na Kitumbua Gazi, mimi na Kitumbua na bibi harusi wa Mwabungo. Nikafuta matatu. Nikaacha. Nilijihisi mwizi anayefuta nyayo nyumbani kwake mwenyewe.

Jumatatu, 15 Septemba

Siku ya ukaguzi. Leo naandika mengi, kalamu inisamehe.

Fundi wa yadi ni Dzombo, Mduruma, mtu mzima, mikono kama mizizi. Kazunguka gari, kapiga magurudumu, kalala chini, kainuka. Kafungua boneti. Kaangalia kile kichupa. Kachovya kidole. Kanusa.

"Kijana, hii ni nini?"

"Maji."

"Maji ya manjano, yanukia bibi harusi?"

Swabir akaja mbio. "Kuna nini? Kuna nini?"

Nikasema kweli, ningefanyaje. "Mama yangu amelitia kombe."

Swabir akashika kichwa. "Tajiri! Kampuni wakiona haya hawakupi kitu! Fundi, mwaga, weka dawa ya kijani, haraka." Akasukuma karai kwa mguu, lile la mafuta machafu, jeusi tititi.

Hapo damu ikanipanda. Mimi ni mzaha tu siku zote, lakini lile ni kombe. Ni maneno ya Mungu. Halimwagwi sakafuni watu wakakanyaga, wala halitiwi kwenye uchafu. Nikasimama mbele ya gari, mikono hivi, kama golikipa. "Humo halimwagwi. Nakataa."

"Basi nalo gari halikaguliwi!"

Dzombo akatutazama sisi wawili. Akaondoka, nikajua ameshachoka. Karudi na sufuria yake ya kupikia chai. Kaisuuza mara tatu bombani. Akasema, "Hata kwetu maji ya dawa hayamwagwi njiani." Akalivuta kombe taratibu kwa kipira, hakumwaga hata tone. Akanipa dumu safi nilichukue nyumbani.

Wallahi nilitaka kumbusu, ila ndevu zake za grisi.

Swabir alipokwenda kupokea simu, Dzombo akainama karibu. "Mama yako asilaumiwe. Kabla ya kombe lake mlikuwa na maji ya bomba. Tulitia sisi wenyewe, gari lilipofika. Dawa ya kijani ghali."

Yaani wao! Waliovunja sheria ya kwanza ni wao, na mimi ndiye wa kushikwa kichwa!

Kisha akaniambia bila kuulizwa. Giaboksi nzuri. Injini nzuri kwa umri wake. Mkanda mmoja na mipira miwili ya maji imechoka, nibadilishe mwezi huu. Mafuta nibadilishe kabla ya muda, hata kama Hasina atalia. "Gari hili likitunzwa litakuzika," akasema. Nikasema amina, kisha nikajiuliza kama ni dua nzuri.

Kichupa kimetiwa dawa ya kijani, limepita ukaguzi. Sasa bado saini.

Jumanne, 16 Septemba

Mama kapiga simu. Nilimweleza kuhusu dumu. Hakukasirika. Asema atalichukua.

Kisha, "Hiyo waranti ni kitu gani?"

"Unamlipa mtu kabla gari halijafa, ili likifa alipe yeye."

"Na lisipokufa?"

"Pesa zake."

"Na likifa?"

"Aangalia kwanza kama ulimwambia kweli."

 

"Na wewe umemwambia kweli?"

Nikasema mama, credit inaisha. Na yeye ndiye aliyepiga!

Alhamisi, 18 Septemba

Jana sikuandika. Nilikodiwa harusi mbili, Kitumbua amerudi na mchele kwenye viti mpaka leo.

Leo nimejua kuwa mimi ni mjinga. Mume mjinga, tena wa hali ya juu.

Nilimwambia Hasina, haya, mama watoto, furahi. Nimeanza kuona waranti haifai. Friza utapata. Nikangoja kigelegele.

Akaweka mwiko chini.

"Nani kakwambia nataka friza?"

"Wewe! Kila siku waniuliza kama nimelipa!"

"Nakuuliza kwa sababu nataka ulipe."

Yeye akaendelea, na sauti haikupanda, ndiyo mbaya zaidi. Ati nimesahau mwaka juzi. Tuktuk ilipokufa injini, nilikaa miezi mitatu chini ya mnazi nikipiga hadithi na kuchekesha watu. Kila jioni narudi na kichekesho kipya. "Ulikuwa wachekesha, Chirau, mimi nilikuwa nauza bangili." Mbili za marehemu bibi yake. Aliniambia zimepotea kisimani. Nami nikaamini! Nikamtungia na kichekesho cha chura aliyevaa bangili.

"Friza naweza kungoja," akasema. "Kule siwezi kurudi."

Nikamweleza kuhusu kisanduku, familia au biashara, na Mramba na bamia zake. Alisikiliza. Akauliza, "Kwa hiyo tukilipa kwa uongo hatuna kitu?"

"Tuna karatasi."

"Na tusipolipa?"

"Hatuna hata karatasi."

Akainua mwiko, akarudi jikoni. Aliyoyasema nyuma ya ukuta sikuyasikia, na sikuomba arudie.

Chura aliyevaa bangili. Ya Rabi.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimekwenda kwa Swabir kabla ya swala, mkavu, bila kahawa. Nikamwambia nataka waranti ya biashara. Nitasema kweli yangu, nilipe zaidi.

"Haipo kwa gari la umri huu, tajiri."

"Andika kwa mkono."

"Si duka la maandazi hili!"

Nikamwambia habari za maji ya bomba. Akageuka rangi. Akasema tusifike huko, atanipunguzia, elfu arobaini na mbili. Nikasema sitaki kupunguziwa, nataka kisanduku cha kweli. Akanitazama kama mtu aliyekataa zawadi. "Wewe ni mteja wa namna gani? Watu wote hulilia bei, wewe walilia kisanduku?"

Hata mimi sijijui. Lakini nimeshagoma, sirudi nyuma.

Kutoka pale nikapita kwa Dzombo, nikanunua ule mkanda na ile mipira miwili, akanifungia. Hiyo haihitaji kisanduku.

Jumamosi, 20 Septemba

Niko yadi, kwenye benchi la nje. Saa nne na robo. Wanafunga saa sita, na leo ndiyo siku ya mwisho.

Karatasi iko mapajani, chini ya daftari hili. Swabir ameshaijaza yote, jina langu, namba ya gari, hata jina la baba kalipatia. Kimebaki kisanduku na saini. Kanipa na kalamu yake ya zawadi, imeandikwa jina la kampuni. Kisha akaenda kunywa chai, asinione nikisita.

Hasina ametuma ujumbe. Neno moja tu. "Umesaini?"

Nimeandika jibu mara nne, nimefuta mara nne. La kwanza lilikuwa kichekesho. La pili pia.

Basi Hasina, ukurasa huu si wangu tena, ni wako. Nikimaliza naupiga picha nakutumia. Usicheke hati. Nakuandikia hapa kwa sababu kwa mdomo nitakuchekesha, na leo sitaki ucheke.

Tupatane hivi.

Zile elfu hamsini sizipeleki Mombasa, wala friza hainunuliwi. Zote unashika wewe. Si mimi — wewe, kwa jina lako, kwenye simu yako, na namba ya siri hata ndotoni usinitajie. Kila Ijumaa nakuongezea elfu moja kabla sijala. Dzombo alitazame gari kila mwezi, na atakachosema kibadilishwe, nabadilisha, hata kama nina suti ya Idi moyoni. Kitumbua akifa, naja kwako kama watu wanavyoenda kwenye kampuni, nakueleza ilivyokuwa, na wewe waangalia kwanza kama nasema kweli. Nikidanganya ninyime. Mwaka ukipita salama, zinunulie friza ukubwa utakao. Na bangili moja. Ya pili mwaka wa pili.

Na sitakaa tena chini ya mnazi. Gari likilala siku moja, siku ya pili niko kibaruani, hata kwa Mramba kwenye bamia.

Ukikataa, nipigie sasa hivi. Natia alama familia, nasaini, na kuanzia leo Kitumbua atakuwa wa familia kweli: nafuta matangazo yote, wageni basi, harusi basi, nakwenda kuomba kuendesha gari la mtu. Uongo sitausaini, lakini nitaufanya uwe kweli kwa ajili yako.

Ukikubali usiseme kitu. Siku ile sheikh alipokuuliza kama wanitaka, ulinyamaza, akakuuliza tena ukanyamaza, na wazee wote wakasema basi, amekubali. Mimi nilikuwa chumba cha pili, sikio mlangoni. Nyamaza vile vile.

Ukurasa nimeshautuma. Swabir amebakisha nusu kikombe. Nasubiri mpaka akimalize. Simu nimeiweka hapa benchini, uso juu, sauti nimeifungua yote.